Ndege wa Asali Aenda Kujifunza Kazi

Fisi alifungua ofisi Karatu, pale penye lami, akawasajili punda wa tarafa ya Sale, ng'ambo ya milima, asikowahi kukanyaga. Mkataba ulikuwa mfupi: mwenye mzigo anaita punda kwa simu ya fisi, punda anabeba, na kila safari fisi anachukua kibaba kimoja cha mahindi. Punda akilipwa vibaba vitano, kimoja cha fisi. Akilipwa viwili, kimoja cha fisi. (Binadamu nao wameligombania fungu la namna hii: LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini Tanzania, ilipoweka ukomo wa kamisheni wa asilimia 15 mwaka 2022, Uber ilisimamisha huduma zake nchini Aprili ile, ikarejea Januari 2023 ukomo ulipopandishwa.)

Punda wakalalamika kwamba wanazurura mchana kutwa bila mzigo. Fisi, asiyetaka kulipa mtaalamu, akamchukua mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo: kinda la ndege wa asali kutoka Ziwa Eyasi. Ukoo wake umewaongoza Wahadzabe kwenye nyuki tangu enzi za mababu, kwa mlio na kuruka mti hadi mti, na ujira wao ni nta inayobaki. Ukoo wa namna hiyo haukuuliza mshahara. Kinda akaahidiwa cheti.

Akakaa juu ya paa la ofisi akachora ramani ya kuvaliwa shingoni: penye mizigo pawe pekundu. Fisi akaipenda rangi. Punda hawakuulizwa kitu.

Siku ya mnada, Malambo pakawaka pekundu kwenye ramani. Kila punda wa Sale alitazama shingoni, akageuka. Wa Samunge wakaja, wa Digodigo wakaja, na mmoja akamtua mteja wake njiani ili awahi. Mwenye magunia matatu akazungukwa na kundi zima, wakaanza kushushiana bei wenyewe kwa wenyewe mpaka vibaba viwili. Kwa bei hiyo hata mwenye kikapu cha vitunguu aliita punda. Digodigo, viazi vitamu vililala barabarani.

Kinda akatumwa kukusanya maoni. Samunge akamkuta punda kikongwe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ndiwe mwenye rangi nyekundu?"

"Ndimi. Lakini haikudanganya, bibi. Mizigo ilikuwapo."

"Ilikuwapo ya wachache, ukatuita wote. Hapa tunalijua hilo. Mwaka 2011 nchi nzima ilisikia dawa iko Samunge kwa mzee Ambilikile Mwasapile, kikombe shilingi 500. Magari yakapanga foleni kilomita na kilomita, wagonjwa wakafia humo humo, hadi mzee mwenyewe akaomba watu wasije kwanza. Njia waliambiwa wote. Zamu hawakuambiwa."

Akampeleka kwenye mfereji. Wasonjo, au Wabatemi kama wanavyojiita, hulima kwa maji ya mifereji, na wazee waitwao wenamiji ndio huamua nani afungulie shamba lake lini. Maji yaliko hakuna asiyekujua, hata mtoto. Kinachoweza kuzua ugomvi ni saa.

Kinda akarudi Karatu na mchoro mwingine kabisa: mzigo mmoja uite punda mmoja, aliyekaa muda mrefu bila kazi atangulie, na kila punda aone wangapi wako mbele yake. Mimi nimeona programu za wakubwa zisizofika hapo.

"Bei itakuwaje?" fisi akauliza.

"Itasimama kwenye vibaba vitano, bosi."

"Na mwenye kikapu cha vitunguu?"

"Huyo atabeba mwenyewe."

Fisi akafikiri, wala si kwa muda mrefu. Tangu afungue ofisi hajapata kuokota vibaba vingi kama siku ya Malambo. Akausifu mchoro mbele ya wafanyakazi wote, akautia kwenye droo, kisha akaagiza ramani ya zamani ibadilishwe kutoka nyekundu kuwa ya chungwa, punda waone maoni yao yamefanyiwa kazi.

Kinda alipata cheti chenye alama A ya ubunifu. Kibaba kimoja kwa kila safari hakikuguswa.

Nawe mwanafunzi utakayepangiwa ofisi ile mwakani, omba kwanza wakuonyeshe mkataba wa punda. Ramani utachora baadaye.