Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Kigingi

Mheshimiwa Kigingi cha Zege,
Popote Ulipoamkia Leo.

YAH: RATIBA YA ZIARA ZAKO

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Shikamoo. Sisi wa Mgori tunakuandikia mapema, kabla hujafika, maana waliosubiri wakuone ndipo waandike walijikuta hawana hata meza ya kuandikia.

Tumesikia kwamba wewe, kigingi cha mpaka wa hifadhi, una miguu. Jioni unalala porini, alfajiri unaamka nyuma ya banda la kuku, namba kifuani, na kuanzia hapo mwenye nyumba anaitwa mvamizi. Bibi aliyezikwa uani naye mvamizi, tena sugu, maana yeye hata akipewa notisi hahami.

Usidhani tunachukia misitu. Miaka ya tisini Serikali ilipotaka kuufanya msitu wetu wa miombo hifadhi yake, vijiji vitano vilisema: tuachieni, tutaulinda wenyewe. Kuanzia 1995 walinzi wa vijiji wakapiga doria kwenye zaidi ya hekta 40,000. Msitu ukapata ulinzi na hakuna aliyebomolewa nyumba. Samahani kwa kukuharibia hoja.

Tunakuonea huruma pia kwamba hukusoma. Mwaka 1994, katika kesi ya Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani ilisema haki ya ardhi ya kimila ni mali, inalindwa na Ibara ya 24 ya Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka. Haraka ya nani, ndiyo hatujaelewa. Nyamuma, Serengeti, nyumba zilichomwa Oktoba 2001. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ikachunguza, ikasema watu walipwe. Moto ulimaliza kazi yake siku ile ile. Fidia ikaishia kutafutwa mahakamani miaka na miaka.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe ukija, mwenyeji anafunga virago. Kwa hiyo ukipenda kututembelea, njoo mchana, ukiwa na notisi, mthamini na hundi. Ukikosa kimoja, baki ulipo.

Huku kwetu kigingi tunakijua kwa kazi moja tu: kufungia mbuzi. Na katika kazi hiyo, Mheshimiwa, anayetembea ni mbuzi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mvamizi Mtarajiwa,
Mgori, Singida.