Leghorn Wetu wa Katindo

Ukuta wa parseli yetu hapa Katindo ni wa mawe ya volkano, kama kuta nyingi za Goma, na unamfikia mtu mzima kifuani. Kuku wa kienyeji huchakura upande wa ndani mchana kutwa bila kuujali. Leghorn huuruka alfajiri, kabla hata hajanywa maji.

Walifika kwetu 12, tetea wa miezi minne, weupe kabisa, ndewe nyeupe, miguu ya manjano, vilemba vikubwa vilivyoanza kulala upande. Shemeji yangu, aliyesomea kilimo, ndiye aliyewatafuta. Mayai mengi yanayoliwa Goma yanatoka Rwanda na Uganda, na mpaka ukileta shida, trei ya mayai huwa kitu cha wenye fedha. Alitaka nyumba ya kaka yake ijitegemee. Akatueleza kwamba asili yao ni Italia, kwamba katika karne ya 19 walivushwa bahari hadi Marekani kutoka bandari ya Livorno, na huko wafugaji wakawachagua kizazi baada ya kizazi kwa kazi moja, kutaga. Akitunzwa vizuri, mmoja hutoa mayai 280 kwa mwaka, au zaidi. Wa kienyeji hutoa kama 50, kwa sababu akishataga kumi na kitu hukaa juu yake kuyaatamia, kisha analea.

Mama mkwe, aliyekulia Masisi na kufuga kuku maisha yake yote, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na hii yako, ikisha kutaga, inalalia lini?"

"Hailalie, mama. Ilishaondolewa hiyo tabia."

"Kuku ya kutaga bila kulalia! Basi iko mama ya nani?"

Swali hilo lilikaa nyumbani mwetu muda mrefu. Yeye alikuwa na kuku wake mmoja wa kienyeji, mwekundu, mzito, aliyekubali kushikwa hata na mtoto mdogo. Leghorn hashikiki. Ukipita karibu na banda umevaa kitenge kipya, wanapaa. Mtoto akiangusha beseni, wanapaa. Mvua ya Goma ikianza kupiga mabati, wote hukimbilia pembe moja na kurundikana, na usipowatawanya upesi wa chini anaweza kukosa pumzi. Uzito wa tetea hauzidi sana kilo mbili, na mabawa yake yanambeba bila taabu. Tulipata kujulishwa hivyo na jirani aliyegonga lango usiku.

"Mama, kuku yenu iko juu ya paa yetu, inatembea kama mwizi."

Walipoanza kutaga, mayai meupe yalijaa kikapu, na watoto waligombania kuyaokota. Halafu kikapu kikaanza kupungua. Leo kuku mmoja ametaga saa mbili asubuhi, kesho saa nne, keshokutwa saa sita, siku inayofuata hakuna kitu. Macho ya nyumba nzima yakamwelekea kijana anayetuletea maji kwa bidoni. Hakuna aliyemtamkia neno, lakini alihisi, na asubuhi moja aliacha maji langoni asiingie.

Shemeji alimtetea kwa hesabu. Yai huchukua saa 24 hadi 26 kukamilika tumboni, na karibu 20 kati ya hizo ni za kujenga gamba peke yake. Kwa hiyo kila siku kuku huchelewa kidogo, mpaka saa ya kutaga inapoangukia alasiri. Hapo huruka siku moja, kisha huanza upya asubuhi. Hesabu hiyo ilieleza sehemu ya upungufu. Iliyobaki ilielezwa na binti wa jirani, aliyeenda kuchota makaa akakuta nyuma ya magunia kiota kizima cha mayai meupe. Leghorn hupenda kutaga mahali penye giza, pasipopitwa na mtu, na banda letu lilikuwa njiani kuelekea msalani. Mama mkwe alimwita kijana wa maji mbele yetu sote, akamwomba msamaha, akamjazia mayai mfukoni. Nampenda mama huyu kwa siku ile kuliko kwa mambo mengine mengi aliyonifanyia.

Usiku ule ule tuliingia bandani na tochi. Gizani kuku hawa hutulia, ndiyo saa pekee ya kuwashika. Tulikata manyoya marefu ya bawa moja tu kwa kila kuku, ili akiruka mwili uinamie upande na asifike mbali. Manyoya huota tena baada ya kunyonyoka, kwa hiyo kazi hiyo ina marudio yake. Viota tukavihamishia nyuma, tukavifunika gunia.

Chakula nacho kilikuwa na kesi yake. Gamba la yai moja hubeba karibu gramu 2 za kalsiamu, na kuku asipoipata katika chakula huitoa katika mifupa yake. Tulianza kusaga maganda ya mayai, na kuongeza unga wa sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, kwa ajili ya protini. Mtu mmoja wa nyumbani aliwaonea huruma akazidisha sambaza. Kwa siku kadhaa omleti ilinuka samaki, na watoto wakagoma kula.

Lakini pigo kubwa lilikuwa mwanga. Goma iko karibu na ikweta, mchana wake hauzidi sana saa 12 mwaka mzima, na kuku wa mayai hutaga vizuri zaidi akipata saa 14 hadi 16. Shemeji aliweka balbu ya kuwaka saa kumi alfajiri. Mayai yakaongezeka waziwazi. Kisha umeme wa mtaa ukakatika, ukakaa muda mrefu bila kurudi, na mwili wa kuku ukasoma giza lile kama amri ya kupumzika. Wakanyonyoka manyoya shingoni na mgongoni, wakaacha kutaga. Mama mkwe alidhani ni ugonjwa, akanoa kisu. Ilibidi tumwonyeshe manyoya mapya yanayochomoza ndipo akakirudisha jikoni.

Walipokuwa wamerudia kutaga vizuri, ikafika Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021. Volkano ya Nyiragongo ililipuka jioni, na kwa siku nyingi baadaye ardhi ilitikisika mchana na usiku. Katika mitetemeko ile Leghorn hawakugusa vitagio kabisa. Tulikuta mayai chini ya vijiti vya kulalia, yametagwa usiku, mengine hayana gamba, ngozi laini tu. Hofu humfanya kuku kuliachia yai kabla ya wakati. Alhamisi ya tarehe 27, gavana wa kijeshi alipoamuru sehemu za mji zihame, barabara ya Sake ilijaa watu, nasi tukaingia humo. Mama mkwe alitoka na kuku wake mwekundu kwapani. Wale weupe walishindikana kushikwa. Tuliwamwagia mahindi, tukajaza mabeseni maji, tukafunga lango. Tuliporudi walikuwa hai wote, juu ya ukuta, wakituogopa kama kawaida yao.

Siwalaumu. Wepesi ule ule unaowaponyesha ndio unaotusumbua, na kuatamia tunakokutafuta kwao kuliondolewa makusudi ili tupate mayai. Aliyesuluhisha swali la mama mkwe ni kuku wake mwekundu: alipoanza kuatamia tulimwekea mayai ya Leghorn waliopandwa na jogoo wa kienyeji, naye akayaangua siku ya 21 na kuwalea vifaranga kama wake.

Kwa hiyo wewe wa Katindo, Himbi au Ndosho unayefikiria kuwanunua: funika banda kwa wavu juu kabla hawajafika, weka viota mahali pa giza na utulivu, usiwashe balbu kama huna hakika ya umeme, na usiachane na kuku wako wa kienyeji.