Kumbe Nilikuwa Naamkia Sanamu

Jamani, macho haya yataniua kwa aibu. Mwaka mzima naona ukungu tu. Usiku taa ya bodaboda inatawanya miale kama jua limerudi. Nikaenda hospitali. Daktari akamulika, akasema, "Mzee, una mtoto wa jicho." Nikamjibu watoto ninao watano, ada bado nadaiwa, huyu wa sita simtaki. Hakucheka. Akaeleza: lenzi ya ndani imefanya ukungu, matone hayasafishi, inatolewa, inawekwa ya bandia.

Sasa mimi nina shemeji Marekani. Kafanyiwa upasuaji huo kwa leza. Kila akipiga simu, leza, leza! Nikakomaa, na mimi nataka leza. Daktari akashusha pumzi. Leza inachana pale mbele na kuivunjavunja lenzi, basi. Kuifyonza ni mashine ileile ya upasuaji wa kawaida, ya mawimbi ya sauti, na mkono wa daktari uleule. Tafiti zimelinganisha: kuona baadaye ni karibu sawa. Kinachopishana ni bili. Kusikia bili, nikapanda kitandani mwenyewe.

Ganzi ya matone, nipo macho, dakika chache tu, kwisha. Nilijiandaa kulia, hata nafasi sikupata.

Kesho yake wakatoa kifuniko. Heh! Kanga ya mke wangu bluu kweli. Shati langu jeupe la harusini, kumbe rangi ya chai ya maziwa. Na nyote mlikuwa mnaniangalia tu! Nafika kwa fundi cherehani. Yule mzee niliyekuwa namwamkia shikamoo kila asubuhi, kisha namsema moyoni kwa kutoitikia, ni sanamu la kuvalisha suti. Fundi ananiambia kuna watu walikuwa wanadamka mapema waniwahi.

Nikageuka. Ng'ambo ya barabara namwona Mangi wa duka wazi kabisa, anatoa daftari la madeni. Ananifungulia ukurasa, sioni kitu. Lenzi niliyowekewa ni ya mbali, karibu inataka miwani. Nikalipa kwa imani.

Nikampigia shemeji video, angalau nimwonee wivu vizuri. Namkuta anapapasa meza. Anatafuta miwani ya kusomea.

Ndugu yangu, ukiona ukungu nenda kapime, usingoje leza. Kwa leza au kwa mkono, mtoto wa jicho anatoka. Asiyetoka ni Mangi na daftari lake.