Namna ya Kupoteza Kiki Ndani ya Kompyuta Yako Mwenyewe

Watu wakipotelewa na biti hudhani ni bahati mbaya. Si kweli. Biti haipotei hivi hivi. Inataka maandalizi, moyo wa kutojali na miaka kadhaa ya kukusanya. Mimi nimefikisha mafaili elfu arobaini na ushee ya MIDI za ngoma, na ninayoyatumia kwa hakika ni kama kumi na mawili. Kwa hiyo hapa anazungumza fundi, si mtu aliyesimuliwa.

Kwanza tuelewane tunapoteza nini. Faili la MIDI halina sauti ndani yake. Lina maagizo tu: gonga namba fulani, kwa nguvu kiasi fulani kati ya 1 na 127, achia, gonga tena. Sauti inatoka kwenye programu ya ngoma. Ndiyo maana faili la baa nne mara nyingi halifiki hata KB 2, na disketi ya zamani ya MB 1.44 ingeyabeba mamia. Hapo ndipo penye utamu, maana kitu kisicho na uzito hakuna anayekukataza kukilimbikiza. Mwenzako anayekusanya sauti zenyewe, diski ikijaa analazimika kukaa chini achague. Wewe ya kwako haitajaa mpaka unazeeka.

Anza na flashi ya mtu. Usiulize ina nini. Nakili yote, uipe folda jina la "MIDI", na kompyuta ikisema folda ya jina hilo ipo, andika "MIDI mpya". Mwezi ujao itakuja nyingine: "MIDI mpya kabisa". Wauzaji nao watakusaidia. Wengi wao hutoa kifurushi kimoja kikiwa kimerudiwa mara tano au sita, kila nakala imepangwa kwa programu yake: hii ya General MIDI, hii ya Addictive Drums, hii ya BFD, hii ya Superior Drummer. Mtu mvivu huchukua ile ya programu aliyo nayo, akaenda zake. Wewe chukua zote, kisha zitoe kwenye folda zake uzimwage pamoja kama dagaa kwenye jamvi. Kwa kuwa majina ndani ya kila nakala ni yale yale, kompyuta itaongeza (2), (3), (4) bila kunung'unika. "Groove 07 (4)" ni ya programu gani? Utajua ukiisikia, na pengine hutajua.

Hili la mpangilio wa namba usilichukulie kijuujuu, ndilo linaloleta raha yote. General MIDI ilipotoka mwaka 1991 ilipanga ngoma zikae chaneli ya 10, kila namba na chombo chake: kiki 36, snea 38, haihati iliyofungwa 42, iliyoachiwa 46. Kengele ya ng'ombe ina namba yake, 56, na bongo na konga zinaanzia 60. (Kiki ninayoisema ni ngoma ya mguu, si ile ya msanii kuachana na mpenzi wake wiki anayotoa wimbo.) Kama watu wangeishia hapo, mimi nisingekuwa na la kuandika. Bahati nzuri watengenezaji wa programu waliona haihati mbili tatu ni umaskini. Wakataka iliyofungwa kabisa, ya nusu, ya robo, iliyogongwa kwa ncha ya fimbo, iliyogongwa kwa ubavu wa fimbo, na kila moja ikapewa namba, kila kampuni kwa akili yake. Sasa chukua faili la programu moja ulicheze kwenye nyingine: kiki na snea mara nyingi zinanusurika, lakini pale haihati ilipokuwa ikinong'ona panalia tomu, na pengine hapalii kitu kabisa, unabaki unasikiliza wimbo wenye pengo kama la mtoto wa darasa la kwanza.

Ukitaka kuongeza mkanganyiko, acha namba, zungumza kwa majina ya nota. Nota ya 60 Yamaha huiita C3, Roland huiita C4. Kwa hiyo kiki ya 36 ni C1 kwa huyu na C2 kwa yule. Maprodyuza wawili wanaweza kubishana mpaka chai ipoe, wote wakiwa sahihi.

Wapo watakaokushauri kwamba siku unayoingiza kifurushi ndiyo siku ya kukibadilisha kiwe mpangilio mmoja, na yale ya asili uyafungie pembeni usiyaguse. Waitikie kwa adabu.

Tuje kwenye majina. Usiandike kasi, usiandike mapigo, usiandike kama ni ubeti, kibwagizo au mbwembwe ya kuvukia. Mtu anayeita faili lake "chakacha 6-8 110 kibwagizo" amejinyima safari. Ataliona, atalibofya, atalala mapema. Jina zuri ni lile linalobeba hisia za siku hiyo: "kali", "ya juzi", "hii ndiyo". Mimi ninazo "hii ndiyo" saba, zimetawanyika folda mbalimbali kama watoto wa mume wa mitara.

Na usitegemee faili lijieleze lenyewe. Linaweza kubeba ndani yake kasi na mapigo, lakini mengi hayabebi, na programu isipoambiwa huchukulia ni 120 kwa dakika, nne kwa nne. Kwa sisi tuliokulia kwenye ngoma za sita kwa nane hiyo ni neema. Mdundo unaingia kimya kimya, unavishwa sare isiyokuwa yake, mistari ya kwenye kioo inaangukia pasipo na pigo, na wewe unakata, unabandika, unakata tena. Vivyo hivyo kwenye kasi: chukua biti ya roki ya 90 uitupie kwenye wimbo wa singeli wa 220. Programu haitakataa. Zile snea ndogo ndogo alizozigusa mpigaji kwa upole zitageuka bisi kwenye sufuria.

Jambo lingine dogo lenye manufaa makubwa: programu nyingi za ngoma hazihamishi mafaili yako kwenda kwao, hukumbuka tu yanapokaa. Basi ukishamaliza kuielekeza, na imekwisha kuyaorodhesha yote, yahamishie diski ya nje. Kisha iazimishe hiyo diski.

Jihadhari na hii kitu iitwayo Tap2Find. Imo kwenye EZdrummer na Superior Drummer, za kampuni ya Toontrack ya Sweden. Unagonga mdundo ulio kichwani mwako, inakuletea inayofanana nao. Ni tishio kwa mila zetu. Ila usiwe na wasiwasi sana, maana inatafuta kwenye maktaba iliyoonyeshwa tu, na wewe yako umeiazimisha.

Haya yote yalikamilika Jumamosi moja, mwalimu wa kwaya alipofika na waimbaji kumi na wanne kwenye chumba cha watu watano. Mama wa makamo, mpole, mwenye daftari lililovikwa jalada la gazeti. Alitaka sita kwa nane ya taratibu, ile ile tuliyorekodia mwaka jana.

"Dakika moja tu, Mwalimu."

Nikafungua "hii ndiyo" ya kwanza: roki. Ya pili ilikuwa tomu tupu, kama fundi anayepigilia bati. Ya tatu kengele ya ng'ombe. Feni ilikuwa imezimwa kwa ajili ya maikrofoni, sauti ya tatu wameanza kujipepea kwa vitabu vya nyimbo, na kijana mmoja wa besi amelala ameegemea spika.

"Baba," akaniita Mwalimu, "kwani hizo huwa huandiki majina juu?"

"Naandika, Mwalimu."

"Hii tunayoitaka uliiandikaje?"

"Hii ndiyo."

"Si uifungue, basi."

"Ziko saba."

Akanitazama kwa muda, jinsi wanavyotazamwa wanafunzi wanaosema kitabu kimeliwa na mbuzi. Halafu akaanza kugonga kwa kalamu juu ya daftari: moja nzito, mbili nyepesi, moja nzito, mbili nyepesi. Wale sauti ya tatu wakaacha kujipepea wakaingiza makofi. Nikaweka kidole kimoja kwenye kiki, kimoja kwenye snea, na haihati nikampa kijana wa besi, ambaye kumbe alikuwa hajalala sana. Tulicheza baa nane pale pale kwenye kinanda. Hazikufika dakika nne. Kabla ya hapo nilikuwa nimetafuta dakika arobaini.

Walipomaliza kurekodi wakawa wanatoka mmoja mmoja, programu ikaniuliza faili hili liitwe nani. Mwalimu alikuwa bado mlangoni, anavaa viatu.

"Liandike vizuri, baba. Pasaka tunarudi nalo."

Nikaandika "hii ndiyo". Kompyuta ikaniambia jina hilo limekwisha kutumika, je, nifute la zamani? Hapana, kufuta sifuti. Nikaongeza neno moja mwishoni: "kweli".