Oili ni Oili Tu

Mama mkwe alishuka mwenyewe. Hakulaumu. Alitua mguu mmoja, akatua wa pili, akajifunga khanga vizuri, akaikumbatia chupa ya uji wa mgonjwa na kuanza kuupanda mlima wa hospitali ya Bugando kwa miguu. Akanipita. Nilikuwa gia namba moja, resi nimeivuta hadi mwisho, injini inalia mpaka watu wanatoka madukani, na pikipiki inajikokota. "Baba Neema," akasema bila kugeuka, "nitakusubiri getini." Kijiweni wakapiga miluzi. Bodaboda mmoja akajitolea kunipakia mimi.

Na oili nilikuwa nimebadilishiwa jana yake tu. Hapo ndipo panapouma.

Pikipiki nyingi za huku kwetu, zikiwemo hizi za Kichina zilizonakili injini ya Honda CG125 ya mwaka 1976, hazina oili ya injini. Zina oili ya kila kitu. Lita moja hivi ndiyo hiyo hiyo inayolainisha pistoni, inayopooza, inayozunguka kwenye gia, halafu, na hapa ndipo ninapokosa usingizi, klachi nzima imekaa humo humo inaoga! Klachi ni pleti zilizopangwa kwa zamu: moja ya chuma tupu, inayofuata imebandikwa vipande vya kushikia, tena chuma, tena vya kushikia, zote zimebanwa na springi. Kazi yake ni kung'ang'aniana. Yaani kitu kinachoishi kwa msuguano kimetumbukizwa ndani ya kitu kinachoishi kwa kuuondoa msuguano, na wanaelewana miaka. Siri iko kwenye oili yenyewe: ilainishe, lakini isipitilize. Oili nyingi nyepesi za magari hutiwa dawa ya kupunguza msuguano ili gari linywe petroli kidogo. Klachi ya gari kwa kawaida ni kavu, haihusiki. Oili hiyo itie kwenye pikipiki uone pleti zinavyopishana kwa adabu. Ndiyo maana mwaka 1998 Wajapani walileta alama za JASO: MA kwa klachi inayooga, MB kwa skuta na wenzake wasio na tatizo hilo. Zimeandikwa mgongoni mwa kopo, kwa herufi za kusomwa na sisimizi aliyevaa miwani.

Watengenezaji wa Harley-Davidson kubwa za Marekani waliumaliza ugomvi huu kwa kugawana vyumba. Injini ina oili yake, gia zina yake, klachi na mnyororo wake wana yao. Unaisimamisha pikipiki wima, unafungua kifuniko cha duara ubavuni, unatia mpaka oili iguse ukingo wa chini wa springi ya klachi, unafunga, unakwenda zako. Laiti.

Fundi wangu hakuwa na kopo. Alikuwa na dumu la njano la mafuta ya kupikia, ndani kitu cha rangi ya asali. Nikamuuliza, ya gari au ya pikipiki? "Oili ni oili tu, braza." Akapima kwa dipstiki aliyoikaza hadi mwisho, wakati ya kwangu huegeshwa tu tunduni bila kufungwa, pikipiki ikiwa kwenye stendi ya kati. Ukiikaza inazama zaidi, inakudanganya. Akatangaza imejaa. Kwa hiyo niliuziwa oili isiyofaa, na hata hiyo nikapunjwa.

Hapa sicheki tena. Kuna watu wanasomesha watoto kwa pikipiki. Oili ya kupimiwa kwenye chupa ya maji ndiyo wanayoimudu, na anayejinyima akanunua kopo anaweza kuuziwa la bandia lenye lebo ile ile. Klachi ikiungua, muuza dumu hadaiwi kitu. Dereva wa mkataba jioni anadaiwa hesabu kamili, klachi nzima au majivu.

Kwangu mimi, nati ya kumwagia oili nayo ilikutwa imeliwa meno. Kifuniko cha dipstiki kilipotea gereji ya pili, wakaziba kwa soksi. Mama mkwe siku hizi akija anauliza kwanza nauli ya daladala.

Pleti mpya nilifungiwa gereji ya tatu, oili nikaenda nayo mwenyewe, kopo halijafunguliwa, MA inaonekana. Fundi akalipokea, akaligeuza, akalisoma kwa utulivu mkubwa, akaniuliza kama hiyo si ya skuta.