Jinsi ya Kuifanya Kompyuta Ikubaliane na Bosi

Kwanza, amua. Siri ya ufanisi iko hapo, kwani simulesheni, yaani maigizo ya hali halisi ndani ya kompyuta, inayoanza bila jibu hula muda, umeme na posho. Tuseme bosi ameshaamua tawi la benki libaki na dirisha moja, na barua za uhamisho zimeshachapwa. Sasa ndipo umwite kijana wa TEHAMA umwombe ushahidi wa kisayansi.

Asiende ukumbini kushika saa. Asiongee na mlinzi wa mlangoni pia, maana yule anajua mambo ya mwisho wa mwezi kuliko makao makuu yote. Mpe wastani tu: mteja huja kila dakika 5, huhudumiwa kwa dakika 4. Inabaki dakika nzima ya mhudumu kunywa chai. Foleni itoke wapi?

Kasoro ya kompyuta ni kukosa adabu. Ukiiacha ilete wateja kama wanavyokuja kweli, watatu kwa mpigo halafu kimya, na huduma moja iishe kwa dakika 1 huku nyingine ikichukua 12 kwa kuwa mhazini wa kanisa ameleta sarafu za sadaka, basi dirisha hilohilo lenye nafasi ya chai linaweza kumsimamisha mteja dakika 16 kwa wastani kabla hajafikiwa. Wateja wakiongezeka kidogo, mhudumu akabanwa asilimia 95 ya muda wake badala ya 80, zinakuwa dakika 76. Agner Krarup Erlang alikuwa akichapisha hesabu za jamii hii mwaka 1909, kwa ajili ya simu za Copenhagen. Karne na ushee inatosha kabisa kuzisahau.

Kwa hiyo endesha mara moja tu. Wenye wasiwasi huendesha mamia ya marudio, wakaripoti siku mbaya pamoja na nzuri. Wewe jibu likikukera, badilisha namba ya mbegu, ile inayoanzisha bahati nasibu ndani ya programu, mpaka itokee siku yenye wateja wapole. Mbinu hii ya kubahatisha kwa kompyuta, Monte Carlo, iliyoasisiwa na Stanislaw Ulam na John von Neumann kule Los Alamos miaka ya 1940, ilipewa jina la kasino. Basi ona haya ya nini? Cheza mpaka ushinde. Na kwa kuwa ukumbi wa kwenye kompyuta hufunguliwa ukiwa mtupu, funga hesabu saa 3:00 asubuhi, foleni haijanenepa.

Mbele ya bodi, jedwali liache. Onyesha vikatuni vya rangi vikitembea hadi dirishani na kuondoka vikitabasamu. Atakayeuliza kama umelinganisha na foleni halisi, mteue mwenyekiti wa kamati ndogo ya ulinganishaji, isiyo na bajeti.

Foleni ikifika barabarani, agiza simulesheni nyingine, safari hii ya ukubwa wa turubai.