Taa ya Njano na Ibada ya Kwanza

Taa ya cheki injini iliwaka mwezi wa sita, baridi ya Ilboru ikiwa ndiyo kwanza imeanza kung'ata. Wa kwanza kuja na dawa alikuwa shemeji yangu, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli. "Chomoa waya wa betri, subiri kidogo, rudisha." Baba Neema, mume wangu, akachomoa. Taa ikazimika, saa ikarudi sifuri, redio ikasahau stesheni zote za Mama, yaani mama mkwe wangu, na shemeji akala chakula cha usiku kwetu kwa heshima zote. Kabla wiki haijaisha taa ilikuwa imerudi. Kompyuta ya gari haina papara: hitilafu nyingi za aina hii huzisubiri zijirudie katika safari mbili ndipo iwashe taa. Ukiifutia kumbukumbu, umeirudisha mwanzo wa kuhesabu, basi.

Gari letu ni la Kijapani, la mwaka 2001, na limelea watoto watatu. Fundi wa kwanza alilipima kwa mashine, ikatoa namba P0171, maana yake mchanganyiko wa petroli una hewa kupita kiasi. Akasema sensa ya oksijeni imekufa. Sensa hiyo hukaa kwenye ekzosti ikionja moshi unaotoka. Ikikuta oksijeni nyingi imebaki, huiambia kompyuta, nayo kompyuta huongeza petroli. Mimi niliuliza jambo moja tu: kama sensa imeweza kusema kuna hewa nyingi, tunajuaje kwamba inasema uongo? Mjumbe hauawi. Lakini wanaume wawili walikuwa wameshainama chini ya boneti, na mwanamke anayeuliza swali nyuma ya migongo ya namna hiyo hujibiwa na spana. Sensa ya zamani ilikuwa imeshikana na kutu, ikabidi lifunguliwe bomba zima. Hela ya kikoba changu ikaondoka nayo.

Taa ikarudi, safari hii na mwenzake: P0420. Hiyo ni ya masega, lile kopo la kwenye ekzosti linalosafisha moshi kabla haujatoka. Fundi wa pili aliyagonga kwa kishikio cha bisibisi, akasikiliza kama daktari, akatangaza msiba. Akajitolea kuyang'oa na kuweka bomba tupu, bure kabisa, masega aende nayo yeye. Mama alikuwa amekaa kiti cha nyuma, mkoba mapajani. "Baba Neema," akasema bila kugeuza shingo, "tangu lini fundi akafanya kitu bure?" Ndani ya masega mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wake hawakosekani mjini. Tukaondoka na masega yetu.

Hapo ndipo mume wangu aliponunua kile kidude kidogo cha bluetooth. Chini ya usukani kuna tundu la pini 16, ambalo Marekani ililifanya la lazima kwa magari mapya kuanzia modeli za 1996, ili gari liweze kujishtaki lenyewe likichafua hewa. Unachomeka, simu inasoma. Kuanzia siku hiyo meza yetu ya chakula ilitawaliwa na asilimia. Neema, aliye kidato cha tatu, alichora michoro kwenye daftari la fizikia: sensa ya mbele ya masega inapanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9, ya nyuma inatakiwa kutulia. Yetu ya nyuma ilikuwa inarukaruka. Lakini petroli ya nyongeza, ile iliyohusu P0171, ilikuwa asilimia nne tu kila baba yake alipopima jioni akitoka kazini. Asilimia nne si ugonjwa. Kila gereji nayo ilikuwa imelipima mchana, gari likifika limeshapata moto.

Aliyelijua gari hilo likiwa baridi ni Mama peke yake. Jumapili huwahi ibada ya kwanza, na huingia garini mapema, giza bado, ili tuone aibu tufanye haraka. "Likiwashwa linavuta pumzi kama mtu mwenye pumu," alisema. "Tukifika lami linanyamaza." Alishalisema hilo mwezi wa saba wote. Mwanawe alidhani anasimulia pumu ya jirani.

Basi kijana mmoja fundi wa mtaani kwetu akaja alfajiri, amejifunga shuka la Kimasai juu ya ovaroli. Gari likawashwa. Simu ikaonyesha asilimia ishirini na kitu. Kijana akachukua kopo la dawa ya kusafishia kabureta, akapuliza kidogo kidogo pale manifoldi ya hewa inapokutana na injini. Pa kwanza, kimya. Pa pili, kimya. Upande wa ndani kabisa, karibu na ukuta, injini ikabadili mlio, na namba kwenye simu ikaanguka mbele ya macho yetu. Gasketi ilikuwa imekakamaa kwa uzee: kwenye baridi inasinyaa na kupitisha hewa ambayo hakuna sensa iliyoihesabu, ikipata joto inatanuka na kuziba. Bei yake ilikuwa chini ya bei ya kuku.

P0420 haikuondoka. Kijana akaingia chini ya gari na tochi, akaniita nikachungulie. Kwenye kiungo cha bomba kulikuwa na masizi meusi yaliyotapakaa kama wanja uliolowa. Fundi wa kwanza, alipofungua bomba ili atoe sensa, alilirudisha na gasketi ileile iliyochakaa. Moshi ukawa unatokea hapo, na hewa ya nje inapenya humohumo, sensa ya nyuma inachanganyikiwa, masega yanasingiziwa.

Baba Neema akapiga picha masizi, akaenda kudai hela ya sensa. Fundi aliitazama picha kwa muda mrefu. "Kaka, sensa niliyokuwekea inafanya kazi, haifanyi?" Inafanya. Mume wangu alirudi na gasketi mpya aliyopewa bure, taa imezimika, na risiti ya shilingi elfu kumi ya ufundi wa kuifunga.